Kioo cha darubini kina joto: barafu au feni?

Swali: Darubini yangu ina kioo cha upana wa milimita 250 na unene wa milimita 35. Nikiitoa nje jioni, picha za sayari ya Mshtarii huchemka, yaani hutetemeka na kukosa makali, kwa saa mbili hata anga likiwa limetulia. Je, nikiweka barafu nyuma ya kioo nitapata nafuu?

Jibu: Barafu iache. Mgongo wa kioo utasinyaa kabla ya uso na umbo litapinda; kikipoa kupita kiasi, umande utatanda juu yake. Kinachotakiwa ni kioo chenye joto sawa na hewa inayokizunguka. Kikiizidi kwa nyuzijoto 2 tu, utando wa hewa vuguvugu hufuka usoni pake, na mwanga hupita humo mara mbili, ukiingia na ukirudi. Ndiyo maana hata kioo cha Zerodur, ambacho karibu hakitanuki kabisa kwa joto, hakikuepushi na tatizo hili.

Kwanza thibitisha chanzo. Lenga nyota angavu, itoe kwenye fokasi mpaka iwe duara kubwa, kisha weka kiganja mbele ya mdomo wa bomba. Utaona joto la mkono likipanda kama moshi. Ondoa mkono: mawimbi mazito yakiendelea kujikokota kuelekea upande uleule, joto liko ndani ya darubini. Yakikatiza mbio duara zima, hiyo ni hewa ya juu angani, na feni haitaigusa.

Tumia feni ya kompyuta ya voliti 12, milimita 120, ikipuliza kwenye mgongo wa kioo. Ining'inize kwa mipira laini. Ukiifunga kwa skrubu, mtikisiko utafika kwenye kioo na nyota zitarefuka. Pengo kati ya feni na ukingo wa bomba lizibe kwa kadibodi ngumu, la sivyo hewa itatorokea pembeni. Iwashe saa moja na nusu kabla ya kupiga picha.

Wengi hukosea hapa: wakianza kupiga picha wanaizima. Hewa huendelea kupoa usiku kucha na kioo hubaki nyuma, hivyo ishushe hadi voliti 5 au 7 na uiache izunguke. Gundisha sensa moja ya joto mgongoni mwa kioo na nyingine uiache hewani. Tofauti ikibaki chini ya nyuzi 1 na picha bado inachemka, ongeza feni ndogo ubavuni mwa bomba, ipulize sambamba na uso wa kioo ili iufagie ule utando.