Wapya wa maabara, tafuteni kwanza tyubu ya kioo

Mvua zikishashika hapa Dodoma, mtaletewa aliyeumwa na nyoka. Mara nyingi ni usiku, kapakiwa kwenye bodaboda, mguu umefungwa kamba na jiwe la nyoka limebandikwa juu ya jeraha. Msiwagombeze. Kamba nayo msiikate wenyewe. Mwacheni tabibu ailegeze akiwa na dawa mkononi.

Ndugu wakiulizwa ni nyoka gani, watasema koboko. Huku kwetu kila nyoka mweusi ni koboko, hata yule mla panya asiye na sumu. Andikeni walichosema, lakini msikitegemee.

Chuoni mlisikia habari za Australia. Ni kweli, walitengeneza kipimo: ulifuta jeraha kwa pamba, na chini ya nusu saa kilionyesha sumu ni ya kundi lipi kati ya makundi 5. Lakini kiliundwa kwa ajili ya nyoka wa kwao. Moma wetu hakimjui. Kuna pia kutafuta vinasaba vya nyoka kwenye alama za meno. Kwa utafiti ni kitu kizuri, kwa mgonjwa anayetapika hapo benchi ni mbali mno.

Tulichonacho ni damu, tyubu ya kioo na saa. Chukua mililita 2 za damu ya mshipa, weka kwenye tyubu ya kioo mpya na kavu, isimamishe mahali tulivu, usiiguse kwa dakika 20. Kisha inamishe mara moja. Ikimwagika kama maji, damu haigandi, na hiyo ni dalili kwamba sumu imeingia kwenye damu.

Rahisi, sivyo? Mimi mwaka wangu wa kwanza nilitumia tyubu iliyooshwa kwa sabuni. Damu ya mtoto haikuganda, nikatoa majibu, wodi nzima ikapata joto. Tabibu mmoja, mtu mzima asiyependa maneno mengi, akaniambia, "Mdogo wangu, weka na damu yako kwenye tyubu hiyohiyo." Nayo haikuganda. Mabaki ya sabuni huzuia damu kuganda, na tyubu ya plastiki tupu nayo hudanganya hivyohivyo. Zile za plastiki zenye kifuniko chekundu mara nyingi zina kemikali ya kuharakisha mgando, kwa hiyo zinadanganya upande wa pili. Tangu siku ile sipimi bila kuweka pembeni damu ya mtu mzima wa afya.

Sasa majibu yanasaidia nini? Moma huvimbisha sana, kwa maumivu na malengelenge. Swila naye huvimbisha, nyama ikaoza, na ana tabia ya kuwauma watu wamelala chini. Koboko havimbishi sana. Kope zinalegea, mate hayamezeki, pumzi inakata. Hawa 3, antivenomu (dawa ya kupambana na sumu ya nyoka) ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini inawagusa wote, kwa hiyo tabibu hasubiri jina. Anatazama dalili, anaanza. (Na mtoto hupewa dozi sawa na mtu mzima, msishangae, sumu aliyotiwa ni ileile.)

Anayebadilisha hesabu ni yule wa mitini mwenye macho makubwa, bumslangi. Jeraha dogo, uvimbe kidogo, mgonjwa anaomba ruhusa aende zake shambani. Fizi zinaanza kuvuja kesho yake. Antivenomu ya mchanganyiko haimfanyi kitu; ana dawa yake peke yake, na lazima iagizwe mapema. Mwenzake, yule mwembamba kama kijiti kikavu, hana dawa kabisa. Mgonjwa wake anahitaji damu na uangalizi. Ndiyo maana damu isiyoganda kwa mtu asiyevimba inapigiwa simu hospitali ya rufaa saa hiyohiyo. Na iliyoganda leo inarudiwa, ikiwezekana kila baada ya saa 6, halafu na kesho.

Picha ya simu inasaidia, ikipigwa kwa mbali. Msimtume mtu kumfuata nyoka. Wakileta kichwa kwenye mfuko wa rambo, usikishike kwa vidole. Kilichokatwa bado kinaweza kuuma.

Tyubu zangu za kioo ziko droo ya chini, kwenye boksi limeandikwa kwa maka nyekundu: NYOKA, USIOSHE. Zikibaki 5, mniambie.