Sauti Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Filamu za Hali Halisi

Shikamoo dada. Nina simu tu, nataka kurekodi msimu wa korosho. Nitafute kamera? (Newala)

Marahaba. Nunua maiki ya kubana shatini kwanza. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, sauti iliyojaa upepo haivumilii. Halafu anza mikorosho ikiwa bado kwenye maua, wakulima wakipuliza dawa ya salfa. Ukisubiri mnada utaambulia magunia na mizani.

Mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya kilima cha Tendaguru, hapa Lindi, imeshasemwa sana. Kuna jipya? (Lindi)

Lipo, nalo linaniuma. Tunaambiwa Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na kwamba mjusi wa zaidi ya mita 13 amesimama makumbusho ya Berlin. Lakini mifupa ilifikaje bandarini Lindi? Watu wa huku huku, mamia yao, waliichimba na kuibeba vichwani kwa siku kadhaa, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani. Na hapo vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha miaka michache tu iliyopita! Nenda vijiji vinavyozunguka kile kilima, uwaulize wazee walichosimuliwa na babu zao kuhusu mizigo ile. Usiwakalishe pamoja, maana wa kwanza akishasema, wa pili hufuata maneno yake.

Nitaishi kwa kazi hii? (Mtwara mjini)

Mwanzoni, kwa filamu peke yake, hapana. Hariri harusi na video za miradi, ila mkataba utaje picha ghafi ni mali ya nani. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombe kabla ya kurekodi.

Nina saa 30 za picha, uhariri umenishinda. (Masasi)

Nakili zote kwenye diski mbili, moja ilale nyumba nyingine. Kisha tazama kila dakika, kalamu mkononi. Niliwahi kuruka mahojiano ya bibi mmoja kwa kuwa alizungumza Kimakonde kitupu. Miezi baadaye jirani akanitafsiria, kumbe filamu nzima ilikuwa mle. Nilianza upya. Mpate mfasiri kabla hujakata kipande hata kimoja.

Bibi yangu alinieleza mambo ya unyago mbele ya kamera, sasa amebadili mawazo. Nimeshatumia pesa nyingi. (Mikindani)

Yatoe, mdogo wangu. Ya unyagoni yana wenyewe. Rudi kwake bila kamera, mkae, umwonyeshe unachotaka kibaki. Akikataa tena, futa akikuona.