Wasomaji wanauliza: jeli ya kukuza nyama kwenye kidonda cha kisukari

SWALI: Shikamooni. Mama ana kisukari, na kidonda cha chini ya unyayo hakijafunga tangu mwezi wa tatu. Binamu aliyeko Marekani katutumia tyubu ya Regranex. Tuipakaje? Itakayobaki itamfaa mjukuu wake aliyeungua na chai juzi? — Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba. Dawa iliyomo ni bekaplamini, protini kama ile inayotolewa na chembe sahani za damu mtu anapoumia, ili seli zije kujenga nyama mpya. Marekani iliidhinishwa mwaka 1997 kwa kidonda cha mguu wa kisukari ambao damu inaufikia vizuri. Damu isipofika, hakuna cha kujengea. Kwa hiyo msifungue tyubu kabla mama hajaonwa hospitali ya Bombo: wapime mapigo ya mguu, waangalie kama kidonda kimefika mfupani au kina dalili za saratani (penye saratani jeli ni marufuku), wakate sugu na nyama iliyokufa. Ukipaka juu ya utando wa njano, vimeng'enya vya kidonda vinaila protini kabla haijafanya kazi.

Wakiruhusu, pimeni urefu na upana kwa sentimita, zidisheni, gawanyeni kwa 4. Kidonda cha 4 kwa 2 kinataka jeli ya urefu wa sentimita 2 kutoka tyubu ya gramu 15. Ikamulieni kwenye kitu safi, maana mdomo wa tyubu haugusi kidonda, kisha mtandaze kwa kijiti safi, unene wa milimita moja na nusu hivi. Juu yake wekeni gozi (kitambaa laini cha kufungia kidonda) iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali. Mkipaka saa mbili asubuhi, saa mbili usiku suuzeni na mfunge gozi nyingine iliyoloweshwa, bila jeli, hadi kesho yake. Kupaka mara mbili kwa siku ni kuimaliza bure. Vipimo vichukuliwe upya kila wiki moja au mbili.

Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Kama ilisafiri siku kadhaa begini bila ubaridi, sisi tusingeitegemea.

Kinachoiangusha zaidi ni kukanyagia kidonda. Kandambili haziondoi uzito. Ombeni plasta ngumu ya mguu, kama ya aliyevunjika, au kiatu maalumu. Na msitarajie muujiza: katika jaribio kubwa, ndani ya wiki 20 walipona asilimia 50 ya waliopaka dawa, na 35 ya waliopaka jeli tupu. Wiki 10 zikipita kidonda hakijapungua asilimia 30, rudini kwa daktari.

Mtoto, hapana. Jeli hii haikuidhinishwa kwa moto. Japani na China hutumia protini nyingine za jamii hiyo, nazo kwa kuungua kwa juujuu huokoa siku chache tu. Ngozi iliyoungua hadi chini hupandikizwa. Maji ya bomba ya dakika 20 yalikuwa ya saa tatu za mwanzo. Sasa msitumbue malengelenge, msipake dawa ya meno wala unga. Kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au pameungua pakubwa kuliko kiganja chake, apelekwe leo.