Nguo na unga kwa shangazi Goma? Tuma hela

Dada, umeuliza kama uokoteze magunia ya nguo na unga hapo Dar umpelekee shangazi yako aliyeko Goma, mashariki mwa Kongo, ambaye sasa amepokea familia mbili za wakimbizi. Mimi nakwambia usijisumbue. Nauli na ushuru wa mipakani vitazidi bei ya huo unga, na wao ugali wa muhogo ndio wamezoea.

Tatizo kubwa kule ni uhaba wa noti. Waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, benki zilifungwa, na uwanja wa ndege pia. Watu wanategemea hela ya simu. Tuma kidogo kila mwezi, si fungu moja la kumletea macho ya watu mlangoni. Kwanza muulize wakala wake anakata kiasi gani, uongezee hapo hapo.

Halafu usimuulize "mnahitaji nini?" Atakujibu "tunamshukuru Mungu", kama shangazi yeyote. Muulize jana wamekula mara ngapi, na makaa ya kupikia wameyapata wapi. Na tafadhali, futa jina la mtaa wake uliloandika kwenye swali lako.