Maswali ya Jikoni: Kitabu cha Nyanya na Maandishi ya Pembeni

SWALI: Jambo Mama. Nyanya yangu aliniachia kitabu cha mapishi cha Kifaransa kilichochapwa Ubelgiji, alichokitumia tangu ujana wake. Nataka kuoka keki yake ya sikukuu: gramu 250 za unga wa ngano, 250 za sukari, 250 za siagi, mayai 4 na vijiko 2 vya chai vya levire ya keki. Pembeni mwa ukurasa yeye ameandika kwa penseli: levire kijiko kimoja na nusu, mayai 6, sukari ipungue, maziwa kidogo. Nilidhani kilichochapwa ndicho sahihi, nikakifuata hivyo hivyo, nikaoka kwa sufuria juu ya mbabula. Keki ilipanda upesi, kisha ikabonyea katikati. Tatizo ni nini? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Binti yangu, fuata penseli. Kitabu chako hakina kosa, lakini kiliandikwa kwa ajili ya jiko la Ubelgiji, nchi ambayo sehemu yake kubwa haiko juu sana kuliko bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kadutu vimepanda zaidi ya hapo. Huku kwetu hewa inakandamiza kidogo kuliko pwani, kwa hiyo mapovu ya gesi yanayotolewa na levire yanavimba kupita kiasi, yanapasuka kabla unga na mayai havijashikana, na keki iliyokwisha kupanda inakosa cha kuishikilia. Ndiyo maana nyanya yako alipunguza robo ya levire, na hicho ndicho kipimo ambacho ningekushauri mimi mwenyewe.

Sukari na maziwa vinatokana na sababu hiyo hiyo. Katika Bukavu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na unyevu unatoka haraka katika chochote kinachopikwa; sukari inayobaki inakuwa nyingi kulingana na maji, nayo huchelewesha keki kushikana. Punguza vijiko 2 vya mezani vya sukari, ongeza vijiko 2 au 3 vya maziwa, kisha uangalie matokeo kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Kuhusu mayai, naomba usome kwa makini, kwa sababu hapa penseli inaweza kukupotosha. Keki hii ni ile ambayo Wafaransa huiita quatre-quarts, yaani robo nne: unga, sukari, siagi na mayai huwa na uzito mmoja. Mayai 4 makubwa ya gramu 60 yanafanya gramu 240, karibu sawa na vile vingine. Yai la kuku wa kienyeji mara nyingi lina gramu 40 tu, na 6 ya namna hiyo yanarudi kwenye gramu 240 zile zile. Kwa hiyo nyanya yako hakuongeza mayai, alilinda uzito. Ukinunua mayai makubwa ya dukani, rudi kwenye 4. Kama una mizani, pima mayai pamoja na maganda yake kwanza, halafu uache uzito huo uamue unga na siagi. Kwa keki hii sijaona njia iliyo ya uhakika zaidi.

Umeniambia unaoka kwa mbabula, na hilo halina ubaya. Weka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, upashe moto ukiwa umefunikwa, makala machache chini na mengi juu ya kifuniko. Vitabu vya zamani vinaposema «moto wa kadiri» vinamaanisha nyuzi 180 hivi. Tumbukiza kipande cha karatasi nyeupe: kikigeuka rangi ya kahawia nyepesi baada ya dakika chache, ingiza keki, kikiwa cheusi, ondoa makala. Usifunue kwa nusu saa ya kwanza, maana hewa baridi nayo huiangusha keki ambayo haijashikana.

Na penseli inafutika. Piga picha kila ukurasa wenye maandishi yake, kisha uyanakili kwenye daftari kwa wino, ukitenganisha maneno ya kitabu na maneno yake.

SWALI: Mama, kitabu cha mama mkwe wangu kinataka gramu 25 za levire ya mkate kwa gramu 500 za unga. Nikiweka hizo, mkate unanuka kama pombe. (Msomaji wa Lubumbashi)

JIBU: Vitabu vya wakati ule mara nyingi vinahesabu levire mbichi, ile laini inayouzwa kama kipande cha siagi. Wewe bila shaka unatumia ile kavu ya chembechembe, ambayo ina nguvu karibu mara tatu. Gawanya kwa 3: gramu 8 zinatosha. Asubuhi za baridi za Juni na Julai donge litakawia kuumuka. Usiongeze levire, lisogeze karibu na joto la mbabula na ulingoje mpaka lifikie ukubwa mara mbili, hata kama kitabu kinasema saa moja.