Re: Hoteli za kifahari za reli, lazima ulale ndipo uione?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama huku kwetu Mtwara kuna hoteli ya kifahari iliyojengwa na kampuni ya reli, na kama ukienda ng'ambo ni lazima ulale ndipo uione.

Huku hakuna. Reli yetu ya Nachingwea ililetwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zikagoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Ilisubiri mizigo, siyo matajiri. Kanada walikuwa na hesabu nyingine: kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilitaka watu wa kujaza mabehewa, ikajenga hoteli ya Banff Springs milimani mwaka 1888, halafu Château Frontenac pale Quebec, 1893.

Ila kwa nauli moja tu, mimi ningekwenda stesheni ya St Pancras, London. Hoteli ya hapo, Midland Grand, ilifunguliwa 1873, matofali mekundu na minara utadhani kanisa kuu, imeshikana na stesheni yenyewe. Ilifungwa 1935, vyumba karibu vyote havikuwa na bafu la ndani (fahari yote ile!). Miaka ya 1960 ikaponea chupuchupu kubomolewa, na 2011 ikarudi kuwa hoteli.

Kulala si lazima. Chumba kitakumalizia hela ya korosho. Vaa vizuri, agiza chai, kisha omba kwa adabu uone ngazi kuu.

Kwa sasa panda daladala hadi Mikindani, kwenye boma la Mjerumani la 1895 lililogeuzwa hoteli. Si la reli, lakini linatazama ghuba.