Mlio wa treni ya umeme na inveta ya Aqua

SWALI: Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Morogoro. Treni ya SGR inapoondoka stesheni nasikia mlio mwembamba unaopanda ngazi kwa ngazi, kama gari linalobadilisha gia. Naambiwa haina gia, sasa ni nini? La pili: nina Toyota Aqua ya mteja, inveta imekufa. Muuzaji wa spea ananishauri nitafute inveta ya "silikoni kabaidi", eti ndiyo teknolojia mpya ya treni na magari ya umeme na haipati moto. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, ingawa hajasema uongo mtupu. Na maswali yako mawili kwa kweli ni moja, tuanzie kwenye mlio.

Treni yetu inachukua umeme wa AC wa volti 25,000 kutoka waya wa juu. Transfoma inaupunguza, unageuzwa kuwa DC, halafu inveta inaurudisha kuwa AC wa fezi tatu kwa mapigo yanayolingana na mwendo unaotakiwa. Inveta haijui kuchora wimbi laini. Inachojua ni kuwasha na kuzima, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na mota inapokea wastani wake kama wimbi. Vyuma vya mota hutetemeka kwa mdundo huohuo, na ndio mlio unaousikia. Mwendo ukiongezeka, kompyuta hubadili mpangilio wa kuwasha na kuzima, sikio likadhani ni gia. Kule Japani kampuni ya Keikyu ilikuwa na treni za inveta za Siemens zilizopanda sauti kama mtu anayejifunza kinanda, do re mi fa. Abiria walizipenda sana. Ya mwisho ilibadilishwa mwaka 2021.

Sasa njoo kwenye joto. Swichi ya ndani ya inveta ni transista. Ikiwa imezimwa haipotezi kitu cha kutaja, ikiwa imewaka inapoteza kiasi. Balaa kubwa liko katikati, pale volti imeshaanza kupanda na mkondo bado haujakatika. Transista za silikoni za aina ya IGBT, zilizozoeleka kwenye treni na haibridi (magari ya injini na mota ya umeme, kama Aqua), zina kamkia ka mkondo kanakoburuzika baada ya amri ya kuzima. Kwa pigo moja ni kitu kidogo, lakini rudia mara elfu kadhaa kila sekunde na hapo ndipo maji ya kupozea yanapohitajika.

Silikoni kabaidi unayo gereji kwako. Ule msasa mweusi wa maji unaosugulia bodi kabla ya rangi ndiyo hiyo. Mmarekani Edward Acheson aliipika kwenye tanuri la umeme miaka ya 1890, ikauzwa kama kitu cha kusugulia. Ya transista ni ileile, ila ni fuwele moja safi. Inastahimili msukumo wa umeme takribani mara kumi ya silikoni kabla ya kuvunjika, kwa hiyo tabaka la kuzuia volti linakuwa jembamba sana, na transista inazima upesi bila ule mkia. Joto linapungua, kipozeo kinakuwa kidogo, boksi zima linakuwa jepesi. Unaweza hata kuwasha na kuzima zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Tesla waliiweka kwenye Model 3 mwaka 2017, na treni ya kasi ya Japani, Shinkansen N700S, inaitumia tangu ianze kubeba abiria Julai 2020. Reli ya Odakyu ya Tokyo ilipoifunga kwenye treni zake za zamani, matumizi ya umeme yalishuka kwa takribani asilimia 40, sehemu ya nafuu hiyo ikitoka kwenye breki zinazorudisha umeme kwenye waya.

Bei ndiyo kikwazo. Fuwele yake hukuzwa kwa mvuke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000, polepole mno, na kuikata ni kazi maana ugumu wake unakaribia almasi.

Kwa Aqua ya mteja wako, habari hizi zote hazisaidii. Betri yake ni ya volti 144, na inveta huipandisha hadi 520 kabla ya kulisha mota. Inveta hiyo na kompyuta zake vimefundishwa kuzungumza na gari hilo na transista zilezile. Huwezi kuchomeka ya aina nyingine kama balbu. Tafuta ya Aqua, ya modeli hiyohiyo.

Lakini kabla hujanunua, uliza iliyopo imekufa kwa nini. Kuna gereji niliitwa, walikuwa wamefunga inveta mbili kwa gari moja na zote zimeungua. Nikafungua kifuniko cha tangi la kulanti (maji ya kupozea) la inveta, si lile la injini, gari likiwa limewashwa. Maji yametulia tuli, kama ya mtungi. Pampu ndogo ya umeme ilikuwa imekufa siku nyingi. Kompyuta ilikuwa imeshatoa kodi ya hitilafu P0A93, kwamba upozaji wa inveta hauko sawa. Mtu akaifuta na kuendelea.

Ukifungua, zima gari, peleka ufunguo mbali, toa waya wa betri ya volti 12, vaa glavu za umeme za volti 1,000, chomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, kisha subiri dakika 10. Kapasita za inveta, zinazohifadhi umeme, hubaki na chaji ya kuua hata betri ikiwa imetengwa. Pima kwa mita, isome sifuri, ndipo uguse nyaya za rangi ya chungwa.

Pampu mpya ingie pamoja na inveta, na uitoe hewa yote kwenye mzunguko wa maji kabla hujamkabidhi mteja ufunguo.